Programu zetu zinafia kwenye flashi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na nisamehe mapema kama itakuwa ndefu, hili jambo limenikaa kooni muda sasa. Msomaji mmoja aliandika humu hivi karibuni kuwa vijana wetu wa Unguja na Pemba hawajui kuandika programu za kompyuta ndo maana kila ofisi inanunua za kutoka nje. Mie nasema kakosea. Kuandika wanajua, tena wapo wanaoandika vizuri sana, nafanya nao kazi kila siku hapa Chake Chake, Pemba, na wengine wako mjini Unguja tunaongea kwa WhatsApp tu. Shida yetu iko kwengine. Mtu anaandika programu, inamkubali kwenye laptopu yake, anafurahi, halafu haitoki pale ilipo. Haivuki kwenda Wete. Wakati mwengine haivuki hata barabara kwenda ofisi ya jirani. Kuifunga kodi, yaani yale maandishi ya programu, vizuri ili mwenzako aipokee, aiinstoli na aitumie bila kukupigia simu, hapo ndo tunapofeli, na sijaona mtu anaefundisha hili kwa nguvu kama anavofundisha kuandika.

Mfano wa karibu. Kuna skuli moja huku kwetu, sitoitaja, kijana mmoja wa mjini aliwatengenezea mfumo wa ada na alama za wanafunzi. Mfumo ukaja kwa WhatsApp ndani ya zipu, yaani folda ilobanwa kuwa faili moja, jina lake mfumo_final_mpya_HII_NDO.zip, na mie nikaitwa niuweke kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu. Naendesha, inanambia ModuleNotFoundError: No module named 'openpyxl', yaani inataka kipande cha kodi kinachoitwa openpyxl na hakipo. Napiga simu Unguja. Ah kaka, hiyo si kitu, andika pip install openpyxl tu basi. Hiyo pip ndo inayoshusha vipande kama hivo kutoka mtandaoni, na ofisi haina intaneti, nikafungua hotspoti ya simu yangu kwa bando langu mwenyewe, ikaingia. Naendesha tena, inakwama kwenye faili la pili, SyntaxError, yaani haielewi kilichoandikwa, mstari wenye neno match. Sasa mfumo ule umeandikwa kwa lugha ya Python, na match imekuja na Python 3.10 mwaka 2021, na kompyuta ya mwalimu mkuu ina Python 3.8. Kijana ananambia si uapdeti Python. Haiwezekani, kompyuta ile ni ya Windows 7 na kuanzia Python 3.9 hawaitaki tena Windows 7. Basi akaiandika upya sehemu ile kwa if na elif, akatuma zipu nyengine, nikaendesha, ikafunguka mashaallah, mwalimu mkuu akavuta kiti, akabonyeza kitufe cha ripoti, ikafa palepale kwa sababu ndani ya kodi kuna njia ya faili inayoanza na C:\Users halafu jina la yule kijana halafu Desktop. Hiyo Desktop mwalimu mkuu ataipata wapi?

Yaangalieni yote hayo yalotokea. Hakuna hata moja linaloonesha kuwa kijana hajui kuandika. Hesabu zake za ada zilikuwa sawa, ripoti ilipokuja kutoka ilitoka safi. Kilichokosekana ni faili moja dogo linaloitwa pyproject.toml lenye mistari isozidi kumi na tano hivi, ambalo ndani yake anaandika jina la pakeji, toleo lake, kwamba inataka Python gani, na inategemea laibrari zipi. Angeandika mle requires-python = ">=3.10" basi pip ingekataa tangu mwanzo na kunambia wazi kuwa hii inataka Python 3.10 kwenda juu, na simu ile moja ingetosha. Angeitaja openpyxl kwenye dependencies, pip ingeileta yenyewe pamoja na laibrari ambayo openpyxl nayo inaitegemea, et_xmlfile, bila mtu kuikumbuka. Na lile faili la Desktop angeliweka ndani ya pakeji na kulisoma kwa importlib.resources, njia ya Python ya kusoma mafaili yalo ndani ya pakeji, likawa linasafiri na kodi popote inapokwenda, au amuulize mtumiaji mafaili yake yako wapi.

Kwa wasomaji wasoandika kodi naeleza kidogo. Laibrari ni kodi ilokwishaandikwa na mtu mwengine ambayo wewe unaiita tu ikufanyie kazi, kama hiyo openpyxl inavojua kusoma na kuandika mafaili ya Excel, hakuna haja ya kila mtu kuianza upya. Pakeji ni ile laibrari baada ya kufungwa ikiwa na jina, toleo, mahitaji yake na ruhusa ya kuitumia. Ni kama karafuu zetu tu, zikishaanikwa zikapangwa daraja zikatiwa gunia na kupimwa zinafika popote, zikiwa juu ya jamvi uani ni zako peke yako. Na kuna ghala la dunia nzima, kwa watu wa Python ni PyPI ambalo lipo tangu 2003 na sasa lina miradi zaidi ya laki tano, watu wa JavaScript wana npm tangu 2010, na walioanza mchezo huu kabla ya wengi ni watu wa Perl na CPAN yao ya 1995. Kwa hiyo hili si jambo jipya la vijana wa siku hizi. Ni karibu miaka thelathini watu wanajua namna ya kupeana kodi kwa utaratibu na sie bado tunatumiana zipu.

Python ukishaandika ile pyproject.toml unaandika amri moja, python -m build, inakutolea mafaili mawili ndani ya folda ya dist. La kwanza lina mwisho wa .tar.gz, hiyo ni kodi yenyewe ilivyo. La pili lina mwisho wa .whl, hiyo inaitwa wili, na ndo muhimu kwa watu wetu, kwa sababu wili ni kitu kilichokwisha kuandaliwa, kinafunguliwa na kuwekwa mahala pake tu, hakuna kupika tena. Ukiliona jina lake limeishia py3-none-any.whl ujue inaingia kwenye Python 3 yoyote inayokubaliwa na requires-python yake, na kompyuta yoyote, Windows, Linux, Mac. Ukiona numpy-1.24.4-cp38-cp38-win_amd64.whl, numpy ni laibrari ya hesabu, ujue hiyo ni ya Python 3.8 kwenye Windows ya biti 64 tu, ukiipeleka kwenye Windows ya biti 32 itakataa. Jina lote lile refu si mapambo, ukijua kulisoma unajua kabla hujapanda gari kama itaingia au haiingii.

Na pale pasipo na wili inayolingana na kompyuta yako ndo watu wanapolia. Pip inachukua ile .tar.gz na kujaribu kuijenga hapohapo kwenye kompyuta ya mteja, na kama ndani mna kodi ya lugha ya C basi unaletewa ule ujumbe mwekundu ambao kila aliewahi kugusa Python kwenye Windows anaujua, Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required. Ukiufuata unaambiwa ushushe vitu vya magigabaiti. Magigabaiti, Mhariri, ili tu uweke laibrari ya megabaiti chache. Nawajua watu walioacha Python kwa ujumbe ule mmoja wakaenda kufanya mambo mengine ya maisha. Anaetengeneza laibrari akijenga na wili mara moja kwake, hao wote hawaoni ujumbe ule.

Ndugu zangu wa PHP na JavaScript msicheke, nanyi mna yenu. Composer, ambayo kwa PHP inafanya kazi kama ya pip, ipo tangu 2012, composer.json na composer.lock vipo ndani ya kila mradi wa PHP uliojengwa kwa Laravel, lakini bado naletewa folda nzima imezipiwa pamoja na vendor yote, ile folda ya laibrari zilizoshushwa, na mle ndani mna faili la .env lenye paswedi ya database ya mteja mwengine kabisa! Hii nimeiona kwa macho yangu na nikamwambia mwenyewe aibadilishe siku ileile. Na wa JavaScript wanakopi node_modules, folda ya laibrari zao, kwenye flashi, mafaili madogo madogo maelfu kwa maelfu, unakaa unaangalia ule mstari wa kijani hautembei mpaka adhana ya alasiri inaadhiniwa. Andika npm pack, inakutolea faili moja la .tgz lenye kodi yako tu, na yule wa upande wa pili anainstoli hilohilo.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, nacho ni kurudia kazi. Kila mtu hapa visiwani anaetengeneza programu ya duka, ya skuli, ya chama cha kuweka na kukopa, ya msikiti, lazima afike mahala risiti inataka fedha kwa maneno. Shilingi laki mbili na elfu thelathini tu. Na kila mtu anaiandika upya ile kodi ya kugeuza namba kuwa maneno. Nimeshaziona nyingi na karibu kila moja ina kosa lake. Moja ikiandika laki, nyengine haijui laki inaandika elfu mia mbili na thelathini. Sasa jaribuni kuisoma hiyo, elfu mia mbili na thelathini, ni 230,000 au ni 200,030? Hamna anaejua, na risiti ni risiti, kuna mtu atakuja kugombana. Laki inaokoa hapo, laki mbili na thelathini ni moja, laki mbili na elfu thelathini ni nyengine. Lakini chini ya laki tatizo linarudi, elfu kumi na mbili ni 12,000 na vilevile ni 10,002. Mtoto wa madrasa atakwambia hivohivo.

Ingekuwepo laibrari moja, imefungwa vizuri, ina majaribio yake yanayoangalia kwamba 12,000 na 10,002 hazitoi maneno yaleyale, basi kosa likionekana Mkoani linasahihishwa mara moja, toleo linatoka 1.0.0 kwenda 1.0.1, na wote wanaoitumia kuanzia Nungwi mpaka Makangale wanaandika pip install -U na jina lake na khalas. Sivo ilivo sasa. Sasa kosa nikilisahihisha kwenye programu ya duka la Chake linabaki palepale Chake, yule wa Wete ana kopi yake yenye kosa lake, na yule alieiandika mwanzo kesha sahau hata folda aliiweka wapi.

Na hizo namba za matoleo nazo zina utaratibu wake, watu wengi wanazipachika tu. Namba ya tatu inapanda ukisahihisha kosa bila kubadilisha kitu. Ya katikati inapanda ukiongeza kitu kipya na vya zamani vinaendelea kufanya kazi. Ya mwanzo inapanda pale unapovunja kitu ambacho watu walikuwa wanakitumia, yaani unawaambia jamani hii msiichukue kwa pupa someni kwanza. Mtu akiona 1.4.2 imekuwa 1.4.3 anachukua bila wasiwasi, akiona 2.0.0 anasubiri mwisho wa mwezi upite ndo aiguse. HII_NDO na HII_NDO_2 haikwambii lolote katika hayo.

Mifano ya laibrari zetu wenyewe iko mingi, sio hiyo ya namba tu. Saa kwa mfano. Kompyuta inasema 07:00 sie tunasema saa moja asubuhi, kila mwenye programu ya ratiba anaandika ile hesabu ya kutoa sita kwa mkono na kila mmoja anakosea pale saa sita usiku. Tena siku yetu inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwenye kompyuta bado ni Alkhamis. Ukifanya ratiba ya tarawehe au ya maulidi bila kulijua hili unawaita watu usiku sio. Nani nje ataandika laibrari hiyo? Hakuna. Ni yetu sie.

Nakuja kwenye intaneti, maana najua kuna mtu ashaanza kuandika jibu kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania nzima tulikaa tunaangaliana, siku kadhaa intaneti inakuja kwa kuchechemea. Siku zile pip install haikuwa amri tena, ilikuwa dua. Na hata nyaya zikiwa nzima, ofisi nyingi za huku hazina intaneti ya kudumu, ni simu ya mtu na bando la mtu. Laibrari ndogo si tatizo, openpyxl na mwenzake zote mbili hazifiki megabaiti moja. Lakini numpy ni kati ya megabaiti 10 na 20, na ukija kwenye haya mambo ya akili bandia, laibrari ya torch peke yake inaweza kuwa mamia ya megabaiti. Darasa la watu thelathini kila mmoja anashusha ileile kwa bando lake, kitu kimoja kinavuka bahari mara thelathini. Huo ni ubadhirifu tu, hata kama kila mtu anajilipia mwenyewe.

Dawa yake ipo na ni ya zamani. Pip inaweza kushusha bila kuinstoli. Ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri unaandika pip download openpyxl -d ghala --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.8 na inakuwekea ndani ya folda ya ghala wili zote zinazotakiwa na kompyuta ya Windows ya biti 64 yenye Python 3.8, hata kama laptopu yako wewe ni ya Linux. Unatia kwenye flashi, unapanda boti. Ukifika unaandika pip install --no-index --find-links=E:\ghala openpyxl na inaingia bila hata baiti moja ya intaneti. Mie sasa natembea na diski yenye folda hiyo na nawaambia wenzangu wote wafanye hivo. Flashi haina kosa lolote, kosa ni kutia ndani yake zipu isojieleza.

Ila mtu mmoja kutembea na diski sio mpango wa nchi. Kwenye CPAN tangu mwanzo walikuwa na nakala za ghala lao kwenye vyuo na taasisi mbalimbali duniani, mtu anachukua kwenye ile iliyo karibu nae. Debian, mfumo wa kompyuta wa bure wa jamii ya Linux ambao ulianza 1993, toleo lao la 12 la mwaka 2023 lina pakeji zaidi ya 64,000 na mpaka leo unaweza kuichukua kwa DVD. Wenye umri wangu watazikumbuka zile CD za Ubuntu, Linux nyengine ya bure, zikitumwa bure kwa posta dunia nzima mpaka walipoacha 2011, unaandika anuani ya sanduku la posta unasubiri wiki kadhaa inakuja na bahasha yake. Waliozituma walielewa kuwa mtu asie na intaneti nae ana haki ya programu.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa vyuo vyetu, SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na tawi lao la Pemba, Taasisi ya Karume kule Mbweni, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na wote wanaosomesha kompyuta. Wekeni ghala la ndani. Sizungumzii kunakili PyPI nzima, hiyo inazidi terabaiti kumi na hamna sababu. Kuna programu ya bure inaitwa devpi, unaiweka kwenye seva moja ya chuo, mwanafunzi wa kwanza akiomba numpy inaishusha kutoka nje na kuihifadhi, wa pili mpaka wa mia wanaipata humohumo ndani kwa kasi ya waya wa ukutani. Kompyuta ya kawaida yenye diski ya terabaiti moja inatosha kwa miaka. Halafu milango iwe wazi, mtu wa mtaani kama mie akija na diski yake siku ya Jumamosi aruhusiwe kukopi. Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini yenye chai na vitafunio, na hapo nanyamaza.

La pili kwa vyuo hivohivo, na hili halina gharama kabisa. Mradi wa mwisho wa mwanafunzi usipimwe kwenye laptopu yake mwenyewe. Mwalimu amwambie leta wili yako na folda ya mahitaji yake, achukue kompyuta nyengine, achomoe waya wa intaneti, aandike amri moja. Ikiingia ikafunguka tunaendelea na maswali, isipoingia rudi kaifunge kwanza. Miaka miwili tu ya kufanya hivo na mtaona tofauti kwenye maofisi. Sasa hivi mwanafunzi anafungua laptopu yake mbele ya jopo, anapigiwa makofi, na ule mradi unazikwa siku hiyohiyo.

Nishasikia pia hoja kwamba ukitoa kodi yako watu wataiiba. Kwanza kufunga pakeji si lazima uitoe kwa watu, kodi ya mfumo wa duka unaweza kuifunga vizuri ikabaki yako na mteja wako tu, PyPI huigusi. Pili zile laibrari za jumla kama hiyo ya namba ukizitoa unaweka faili la LICENSE ndani linalosema watu wanaruhusiwa nini. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003, kodi isokuwa na leseni ni mali yako na mwenzako hata akiiona wazi hana ruhusa ya kuitumia, basi ukitaka aitumie mwandikie. MIT ni leseni fupi, inaingia kwenye nusu ukurasa.

Lenye uzito zaidi kwangu ni la usalama, na hapo nakubali kuwa ghala la wazi lina hatari zake. Mwaka 2018 iligundulika pakeji kwenye PyPI inaitwa colourama, mtu amechukua jina la colorama inayojulikana akatia herufi u, anaekosea kuandika anaingiziwa kodi ya kuiba bitikoini. Machi 2024 ikaja ile ya xz, programu ya kubana mafaili kwenye Linux, mtu alieaminiwa alitia mlango wa siri ndani ya matoleo mapya, akaugundua mwandishi wa programu Andres Freund kwa sababu tu aliona ssh, ile ya kuingilia kompyuta iliyo mbali, inachelewa nusu sekunde. Na sio wizi tu, Machi 2016 jamaa mmoja aliondoa laibrari yake ya left-pad kwenye npm, ilikuwa na mistari 11 tu, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa siku ile. Sababu zote hizo zinazidi kunisukuma kwenye ghala la ndani, kwa sababu ukiwa na nakala yako ulioikagua na ukaandika na hashi ya kila wili, yaani namba ndefu inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, alichokiondoa mtu huko nje wewe bado unacho, na alichokibadilisha wewe hukichukui mpaka umekiangalia. Zipu ya WhatsApp haina hashi wala jina la alieifunga, ikibadilishwa njiani hujui.

Na nyinyi mnaojifunza kwa video, angalieni tarehe. Video nyingi za zamani zinafundisha setup.py, faili la zamani la kufungia pakeji, ile ilikuwa inaendesha kodi yoyote wakati wa kuinstoli, wenyewe wameshaanza kuhama tangu 2016 ilipokuja pyproject.toml. Bado inafanya kazi kwa baadhi ya mambo lakini kwa laibrari mpya sioni sababu ya kuanza nayo. Na kabla hujapandisha PyPI ya kweli kuna TestPyPI ya kujaribia, kwa sababu jina la faili ukishalitumia PyPI haliruhusiwi kutumika tena hata ukilifuta, 1.0.0 ikiwa mbovu itabidi uende 1.0.1.

Mie kwa upande wangu hiyo ya namba kwa maneno nishaifunga, iko kwenye diski yangu ni py3-none-any na haitegemei kitu chengine, leseni MIT, na atakae kopi nipo hapa Chake karibu na soko, aje na flashi. PyPI sijaipandisha bado kwa sababu ya ile 10,002. Kwa sasa inaandika "shilingi elfu kumi na shilingi mbili", kurudia neno shilingi ili isichanganyike na 12,000, lakini mhasibu mmoja mtu mzima amenambia kwenye vitabu vya zamani vya maduka hawakuwa wakiandika hivo, ila hakukumbuka walikuwa wakiandika vipi. Wahasibu na makarani wa zamani wanaosoma gazeti hili, wa Unguja na Pemba, naomba mnijibu humuhumu kwenye ukurasa wa barua: elfu kumi na mbili na ile ya 10,002 mlikuwa mkizitofautisha vipi kwenye risiti?

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba